Nafasi ya kwenda Amerika haina bei

Natoa ushauri wa kisheria kwa wakimbizi hapa Kampala. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu hifadhi wala polisi, ni hili: "Mwanasheria, kuna mtu anataka milioni mbili aniingize kwenye listi ya Amerika. Ni wa kweli?" Si wa kweli. Listi hiyo ni ya wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu, na nafasi yake haiuzwi. Fomu ni bure, mahojiano ni bure, na hakuna malipo ya "kusukuma faili". UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haitozi. Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi Uganda, haitozi. IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, haitozi.

Wengi wanalijua hilo na bado wanalipa. Siwaiti wajinga. Mtu anakaa miaka kumi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au mtaani Nsambya hapa Kampala bila kuelezwa faili lake linatembeaje, halafu anatokea broka mwenye muda wa kukaa naye, kunywa chai yake na kumweleza kila hatua. Anamweleza uongo, lakini amemweleza.

Basi tulielezane hapa. Safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu huiombi. UNHCR ndiyo inayochagua kesi kwa kuangalia hatari na mahitaji: mwanamke asiye na ulinzi, aliyeteswa, mgonjwa asiyeweza kutibiwa hapa, mtoto asiye na mlezi. Baada ya hapo nchi inayopokea inahoji na kuamua yenyewe, na UNHCR haina uwezo wa kuilazimisha. Duniani kote, wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote. Uganda peke yake ina zaidi ya milioni 1.5.

Tena mlango umebana. Katika mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea Wakongo karibu 20,000, wengi kuliko wakimbizi wa taifa lingine lolote. Januari 2025 mpango ule ukasimamishwa, kisha kiwango cha mwaka wa fedha 2026 kikawekwa 7,500, sehemu kubwa ikitengewa Waafrikana, wazungu wa Afrika Kusini. Canada nayo iliacha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano wanaojiunga kumdhamini mkimbizi, Novemba 2024. Ungedhani mabroka wangefunga duka. Kumbe ndipo biashara ilipochangamka, maana mtu aliyekuwa amebakiza kupanda ndege tu yuko tayari kuamini kwamba kuna "mkubwa Nairobi" anayefungua kesi zilizokwama.

Mama mmoja aliniletea barua iliyochapishwa kwa rangi. Nembo ya UNHCR ilikuwa imefifia pembeni, kama picha iliyonakiliwa kutoka kwenye simu. Anwani ya barua pepe iliishia na gmail. Ya kweli huishia na @unhcr.org. Tarehe ya ndege ilikuwa imeshapangwa, na mama huyo hajapimwa afya wala kuhojiwa na mtu yeyote. Chini kabisa palikuwa na namba ya mobile money ya kutumia "pesa ya tiketi". Nilimwambia aanze kutuma shilingi mia tano, asiweke namba ya siri, asome tu jina linalotokea. Likatokea jina la kijana anayeuza kadi za simu mtaani kwao.

Hiyo pesa ya tiketi inawanasa wengi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Wakimbizi wanaokwenda Marekani husafiri kwa mkopo wa nauli kupitia IOM. Lakini mkopo huo hulipwa kidogo kidogo baada ya kufika, ukiwa umeshaanza maisha kule. Anayeudai ungali Katwe hapa Kampala ni mwizi.

Kuna ulaghai mwingine ambao unanitia hofu zaidi, nao ni kununua jina. Familia ina kesi nzuri, mtoto mmoja amekufa au ameondoka, broka anauza pengo lake. Tangu uhakiki wa 2018 wakimbizi walioko Uganda wamechukuliwa alama za vidole na mboni za macho, kwa hiyo jina unaweza kulinunua ila jicho ni lako. Na historia ipo: mwaka 2008 Marekani ilipima DNA za familia zilizoomba kuungana na ndugu zao, ikaanzia Nairobi, ikaja hadi Uganda. Udanganyifu uliogundulika ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mpango mzima wa kuunganisha familia hizo ulifungwa hadi 2012. Waliokuwa wakisema kweli nao walisubiri miaka minne. Ukinunua nafasi ya namna hii unageuka mshiriki, na faili lako halisi linaweza kufungwa.

Viza za kazi nitazitaja kwa kifupi. Mwajiri wa Canada ndiye anayelipia kibali cha kuajiri mgeni, dola 1,000 za Canada, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi. Uingereza ilifunga njia ya walezi wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, kwa hiyo anayekuuzia kazi ya kulea wazee London leo anakuuzia hewa.

Ukishaliwa, usifute kitu. Tunza ujumbe, sauti za WhatsApp na namba ya muamala, upige haraka huduma kwa wateja wa mtandao wako kabla pesa haijatolewa. Polisi waombe namba ya SD, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la kituo. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa lenye kifungo hadi miaka mitano. Kisha piga 0800 323232, simu ya bure ya malalamiko ya wakimbizi. Aliyekuomba pesa akiwa ni mfanyakazi wa UNHCR au wa shirika linaloshirikiana nayo, andika kwa inspector@unhcr.org. Unaweza kuficha jina lako, lakini taja mahali, siku na namba ya simu iliyopokea pesa. Bila hivyo wachunguzi hawana pa kuanzia.

Wengi hunyamaza wakiogopa kesi yao itafutwa. Kuripoti kwamba uliombwa pesa hakufuti kesi ya mtu. Kama ulishalipa, njoo na risiti uongee kwanza na mwanasheria, kabla broka hajakushauri useme nini kwenye mahojiano.