FL Studio au Reaper? Niambie kwanza unarekodi nini

Haipiti wiki sijaulizwa na kijana: "Kaka, programu gani kali ya kutengenezea muziki?" Nami humrudishia swali: unapiga biti au unarekodi watu?

FL Studio inatoka Ubelgiji. Ilianza 1997 kwa jina la FruityLoops, na jina hilo la zamani bado linaeleza tabia yake: ni mashine ya lupu, yaani vipande vifupi vinavyojirudia. Ukiifungua unakuta safu za vitufe 16, kila vinne ni pigo moja. Washa cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13 kwenye safu ya kiki (ngoma ya besi), mdundo tayari unatembea. Kwa singeli hapo ndipo nyumbani. Unapandisha tempo kupita mapigo 200 kwa dakika, unakata sampuli fupi (kipande cha sauti), unairudisharudisha, na MC anaanza kughani chai haijapoa.

Sasa mlete mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na mpiga fidla wa taarabu. Hawa wanasikilizana, mwimbaji akivuta, nao wanavuta, na metronomu, ile sauti ya kuhesabu mapigo, inawakera tu. Hapo nahamia Reaper. Maiki nane, treki nane (kila maiki na mstari wake wa sauti), nabonyeza kurekodi mara moja. Fidla ikiteleza kwenye ubeti wa tatu, mpigaji anarudia kipande hicho mara nne, marudio yote yanapangwa moja chini ya jingine, nami naokota kilicho bora kutoka kila moja. FL nayo inarekodi, sikatai, ila ni kama kupika wali kwenye birika: utaiva, kazi ni kuupakua.

Ableton Live ni ya wanaopiga jukwaani. Logic Pro ni nzuri sana, lakini bila Mac au iPad huipati.

Kuhusu bei: Reaper ni dola 60 kwa mtu binafsi, na unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. FL ya majaribio inakubali uhifadhi kazi, lakini hutaifungua tena mpaka ulipie, kwa hiyo toa treki zako kwa WAV, faili la sauti la kawaida, kabla hujaifunga. Ukishanunua, matoleo mapya ni bure maisha.

Mimi natumia zote mbili: biti FL, kisha kila ala naitoa peke yake, zote zikianzia sekunde sifuri ya wimbo, naenda kumiksi (kusawazisha sauti) Reaper. Ukinitumia kazi, andika tempo kwenye jina la folda. Juzi nimeletewa treki 34 bila tempo, nikabaki nagonga meza kwa kidole kuitafuta.