Kutafuta ukoo kanisani, vijijini Uskoti: dhana potofu na ukweli

"Mchungaji atanitolea daftari la babu zangu."
Hanalo. Usajili wa serikali ulipoanza tarehe 1 Januari 1855, madaftari ya zamani ya parishi, yaani eneo la kanisa moja, yalichukuliwa na msajili mkuu. Leo yamo Edinburgh, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, na nakala zake husomwa kwa malipo katika tovuti ya ScotlandsPeople. Tena mchungaji mmoja siku hizi hubeba makanisa kadhaa, kwa hiyo Jumanne utakuta kufuli. Andika barua pepe kabla ya kukata tiketi.

"Kanisa ni la kale, basi na daftari ni la kale."
Daftari kongwe kuliko yote, la Errol huko Perthshire, linaanza 1553. Visiwani na milimani kaskazini, mengi yalichelewa mno.

"Jina halimo, basi hakuzaliwa hapa."
Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Daftari liliandika ubatizo na matangazo ya ndoa. Maziko yaliandikwa kwa nadra, na pengine kinachobaki ni ada ya kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza. Kati ya 1783 na 1794 kila uandikishaji ulitozwa kodi ya peni 3, na wapo waliokwepa. Halafu 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka, umati ukahamia Kanisa Huru lenye vitabu vyake. Mimi huanzia mbele kurudi nyuma: cheti cha kifo cha baada ya 1855 kwa kawaida hutaja wazazi wa marehemu, hata kama alizaliwa 1780.

"Kumbukumbu za wazee wa kanisa ni habari za ibada tu."
Laiti! Washirika wa PCEA nchini Kenya, kanisa lililotokana na wamisionari wa Uskoti, wanalijua baraza hilo la wazee. Karne ya 18 lilikuwa nusu mahakama. Msichana akipata mimba nje ya ndoa aliitwa, akahojiwa baba ni nani, na karani akaandika. Faini zimo, ugomvi wa majirani umo, na maskini waliopewa posho wamo kwa majina. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo husomwa bure mtandaoni. Mwandiko wake, lakini, utakutoa jasho.

"Kila aliyezikwa ana jiwe."
Maskini hawakumudu. Lakini likiwepo, lisome lote: Uskoti mwanamke aliyeolewa mara nyingi huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, na hapo umepata ukoo wa pili. Usipake povu la kunyolea wala kusugua kwa brashi ya chuma, jiwe linalika. Nenda jua likiwa chini, au beba tochi uimulike kutoka ubavuni. Herufi zilizofifia hujitokeza.