Kunukuliwa sana si ushahidi wa ubora: dhana potofu kuhusu kupima utafiti

Dhana: Makala inayonukuliwa sana ndiyo bora.
Watu hunukuu kwa sababu nyingi: kukiri deni kwa waliotangulia, kutaja mbinu waliyoiazima, au kupinga. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, ilibatilishwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, nyingi zikiwa za kuikosoa. Hesabu haitofautishi sifa na lawama. Utafiti wa Gregor Mendel juu ya njegere, uliochapishwa 1866, nao haukutiliwa maanani mpaka 1900. Angepimwa kwa nukuu za miaka miwili ya kwanza tu, angeonekana hana alichofanya.

Dhana: Jarida lenye alama kubwa huchapisha makala nzuri tu.
Hapa ndipo wengi hupotea. Alama hiyo, iitwayo kigezo cha athari cha jarida (impact factor), hupatikana hivi: hesabu mara ambazo makala za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, kisha gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani, na wastani huvutwa na wachache. Acta Crystallographica Section A lilipanda kutoka alama 2 hivi mwaka 2008 hadi karibu 50 mwaka 2009, sababu kubwa ikiwa makala moja ya George Sheldrick kuhusu SHELX, programu za kompyuta za kuchambua maumbo ya fuwele. Waliochapisha humo kando yake hawakuongezeka ubora hata chembe. Isitoshe, juu ya mstari wa kugawanya huingia nukuu za kila kitu, hata tahariri na barua. Chini huhesabiwa makala za utafiti na za mapitio peke yake. Mhariri mjanja anajua pa kupenyea.

Dhana: Faharasa ya h imemaliza tatizo.
Mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005: mtafiti hupata h ikiwa makala zake h zimenukuliwa angalau mara h kila moja. Mwenye makala 5 zilizonukuliwa mara 500 kila moja anapata 5. Mwenye makala 10 zilizonukuliwa mara 10 kila moja anapata 10. Nani kaipa sayansi zaidi? Tena haishuki, hata mtu akistaafu.

Dhana: Basi namba zitupwe.
Hapana: wasomaji wanaopima kazi bila namba nao wana upendeleo wao, hasa kwa majina makubwa. Azimio la San Francisco la 2012, kuhusu kutathmini utafiti, linakataa kumpima mtafiti kwa alama ya jarida; Ilani ya Leiden ya 2015, kuhusu vipimo vya utafiti, inataka namba zisaidie uamuzi wa wataalamu, zisiushike usukani. Kwa vitendo: amua kwanza unatafuta nini, linganisha makala za fani moja na mwaka mmoja, kisha mwombe mtafiti achague kazi zake tatu au nne, uzisome.