Je, wajua kwa nini si kila toroli bovu linafaa kuwa jiko la nyama choma?

Toroli likishaisha tairi na mpini ukavunjika wengi wanalitelekeza nyuma ya nyumba linakula kutu, kumbe lile karai lake tayari ni jiko: lina kina cha kuweka mkaa, lina miguu, na mdomo wake mpana unabeba wavu bila hata kumuita fundi. Ila kabla hujawasha angalia bati lenyewe kwanza, maana kuna toroli za chuma cheusi kilichopakwa rangi na kuna za bati la zinki, zile za kijivu ambazo ukilisogeza bati karibu unaona maua maua. Hiyo ya zinki usiichomee nyama kabisa, tafadhali.

Kwa nini? Zinki inayeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi na inachemka kwenye 907, wakati chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kifike kama 1,500. Mkaa uliokolea unavuka hiyo 420 kirahisi tu, na ukiupepea kwa nguvu unaweza kupita hata 907, sasa hapo zinki inageuka mvuke, mvuke ukikutana na hewa unakuwa moshi mweupe wa unga laini sana, na we ndo umeinama hapohapo unageuza mbavu. Mafundi wa kuchomelea wanaujua huu moshi, ukiuvuta mwingi mchana basi usiku unatetemeka, homa, kiu, kifua kinabana na mdomoni ladha ya chuma. Mara nyingi inapita kwa siku moja au mbili. Kuna wanaokunywa maziwa wakiamini yanausafisha, lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi uko mapafuni, hayakutani.

Wavu nao ni hivyohivyo, tena hapa hata moto mkali hauhitajiki, nyama iliyolowekwa ndimu ikikaa kwenye wavu wa zinki ile asidi inaila zinki na kuipeleka kwenye chakula, ikizidi ni kichefuchefu na kutapika. Shelfu za friji pia achana nazo, nyingi zimepakwa plastiki au madini ambayo hutaki kuyala. Tafuta wavu wa stenlesi, au nondo nyembamba tupu zilizosuguliwa kutu yote.

Ukipata toroli la chuma cheusi, ndani mwaga mchanga mkavu kama sentimita 5. Mchanga unapitisha joto polepole, kwa hiyo karai halipati moto wa moja kwa moja, haliungui likatoa magamba mpaka kutoboka. Kama ndani kuna rangi ya zamani inayobanduka tafuta toroli lingine, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Mawe ya mtoni usiweke, yanaweza kuwa na maji ndani na yakipata moto yakapasuka kwa kishindo. Juu ya mchanga panga matofali machache na kipande cha wavu cha kubebea mkaa ili hewa ipite chini, alafu mkaa uusogeze upande mmoja tu, mafuta yakidondoka moto ukaruka unaihamishia nyama upande wa pili inamalizia kuiva taratibu. Gurudumu la mpira ling'oe, mbele liegemeze kwenye tofali, sababu mpira ukishika joto harufu yake inaingia mpaka kwenye nyama.