Renesansi ni nini, na tauni inahusikaje?

Renesansi ni neno la Kifaransa lenye maana ya kuzaliwa upya. Wengine huita Mwamko wa Ulaya. Ni kipindi cha kati ya karne ya 14 na ya 16 hivi, Waitaliano kwanza, kisha majirani zao, walipoirudia elimu na sanaa ya Wagiriki na Warumi wa kale. Mchoraji Giorgio Vasari aliandika mwaka 1550 juu ya "rinascita", yaani kuzaliwa upya kwa sanaa. Kuita zama zote kwa jina hilo kulienea baadaye sana, katika karne ya 19.

Mara nyingi husemwa kwamba tauni ndiyo iliyozaa Renesansi. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Mshairi Mwitaliano Petrarch alizipata barua za Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, huko Verona mwaka 1345, na merikebu za Genoa zilizobeba tauni kutoka Bahari Nyeusi zilitia nanga Messina Oktoba 1347. Kiu ya vitabu vya kale ilikuwapo kabla ya msiba.

Msiba wenyewe ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Katika miaka michache ilikufa theluthi ya watu wa Ulaya, pengine hata nusu. Mashamba yalibaki, wa kuyalima hawapo. Hapo ndipo tauni ilipogeuza mambo: mkono wa mkulima ukapanda bei. Kibarua aliyezoea kupokea alichopewa sasa alitaja ujira wake, na bwana akikataa, alihamia kwa bwana mwingine. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1351 kurudisha ujira uwe kama wa kabla ya tauni, na wanaokiuka waadhibiwe. Haikufua dafu. Mwaka 1381 wakulima waliasi wakaingia hadi London, na ingawa maasi yalizimwa, ukabaila, yaani mfumo wa mabwana wa ardhi kuwatawala wakulima wao, katika Ulaya Magharibi uliendelea kulegea.

Fedha nazo zilikuwa kwa wafanyabiashara wa miji kama Florence, na mji huo ulimwalika Manuel Chrysoloras kutoka Constantinople aje kufundisha Kigiriki, akaanza kazi mwaka 1397. Mwanafunzi wake Jacopo Angeli alikamilisha tafsiri ya Kilatini ya Jiografia, kitabu cha mtaalamu wa kale Ptolemy, miaka kama kumi baadaye. Kwetu kitabu hiki kina uzito wa pekee, kwa sababu kinaitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki.

Ila Ptolemy aliichukulia Bahari ya Hindi kuwa kama ziwa, limezungukwa na nchi kavu pande zote. Mreno Bartolomeu Dias alipoizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488, dhana hiyo ilivunjika. Miaka kumi baadaye Mreno mwenzake Vasco da Gama alifika Mombasa, ambako hakuelewana na wenyeji, kisha Malindi, ambako mfalme alimpa rubani. Walivuka hadi pwani ya Calicut, India, kwa wiki tatu hivi, upepo wa kusi ukiwasukuma.

Kurudi, Wareno waliiacha pwani ya India Oktoba, kabla upepo wa kaskazi, ambao ungewasukuma kurudi Afrika, haujaanza kuvuma sawasawa. Safari ileile iliwachukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wengi walikufa njiani kwa kiseyeye. Januari 1499 waliiona tena Malindi.