Wingu ni namna ya kukodi, si mahali

Ukipita ofisi za mawakala wa forodha, hapa Mombasa, kuanzia Moi Avenue hadi Kilindini, ukauliza hati za kontena fulani ziko wapi, siku hizi jibu ni moja: "Ziko kwenye klaudi." Ukichimba kidogo utakuta zimetumwa WhatsApp kwa karani aliye likizo. Mwengine "klaudi" yake ni flashi. Neno linabebeshwa kila kitu ambacho mtu hana mkononi wakati huo.

Maana yenyewe ni fupi. Huduma za wingu, ndiyo hiyo "klaudi", ni kutumia kompyuta za mtu mwengine kupitia mtandao, iwe ni nafasi ya kuhifadhi, nguvu ya kuendeshea mifumo, au programu iliyo tayari, huku ukiongeza na kupunguza mwenyewe na kulipia ulichotumia. Gmail imo humo: GB 15 za kwanza ni bure, ukizidisha unalipa. Netflix ya filamu nayo ilimaliza kuhamia seva, yaani kompyuta za kuhudumia wengine kwa mtandao, za kampuni ya Amazon mwaka 2016. Matumizi haya yanajulikana, tusikae hapo.

Kinachoudhi ni dhana kwamba kitu kikifunguka kutoka mbali basi ni wingu. Nimeonyeshwa "seva ya wingu" ambayo ni kompyuta moja chini ya ngazi, feni ya mezani inaipulizia, na karatasi imebandikwa juu: USIZIME. Wafanyakazi wakiwa nyumbani Likoni au Mtwapa wanaingia bila shida, na aliyewauzia mfumo akaona hilo latosha kuipa jina. Lakini meli mbili zikishusha kwa pamoja, kila mtu anataka mfumo saa ile ile, na mfumo unagoma. Hakuna awezaye kuongeza chochote mpaka fundi aje na bisibisi. Wiki ambayo hakuna kazi, kompyuta ni ile ile na gharama ni ile ile.

Seva za mbali zilikuwa zikikodishwa kwa mwezi au mwaka kitambo, na hakuna aliyeziita wingu. Mwaka 2006 Amazon ilipoanza kukodisha seva kwa senti 10 za dola kwa saa, kipya hakikuwa umbali. Kipya kilikuwa kwamba mtu anaweza kuwasha mashine saa nane usiku bila kumpigia yeyote simu, akaizima saa tisa, na akadaiwa ya saa moja tu, kama mita ya stima. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika sifa hizo mwaka 2011, nazo ni tano: mteja ajihudumie mwenyewe, huduma ifikiwe kwa mtandao, mashine zigawiwe wateja wengi, uwezo upande na kushuka upesi, na matumizi yapimwe. Ya chini ya ngazi ina sifa moja kati ya hizo. (Kampuni inaweza kujijengea wingu lake yenyewe, ndiyo, lakini si kwa kompyuta moja na feni.)

Mita hiyo nayo ina ubaya wake. Mashine ya majaribio ikisahaulika imewashwa, inahesabu usiku na mchana, kwa dola, na kadi iliyosajiliwa ndiyo inayokatwa.

Na kwa sababu wingu ni namna ya kukodi, swali la "wapi" halijajibiwa bado. Mashine ziko kwenye jengo, na jengo liko kwenye nchi. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, Google ikaja Johannesburg mwaka 2024. Hati ya mteja wa Mombasa haipandi angani kufika huko. Inapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama SEACOM na TEAMS zilizofika pwani yetu mwaka 2009. Mei 2024, SEACOM na waya mwengine wa baharini, EASSy, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Kenya ilijikokota, na wengi walioapa kwamba data yao iko juu walishangaa kusikia habari za meli ya kutengeneza waya.

Sheria nayo inauliza wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ina sehemu nzima kuhusu kupeleka data za watu nje ya Kenya, na "kwenye klaudi" si jina la nchi. Kwa hivyo mteja akikuuliza hati zake ziko wapi, mtajie kampuni mnayokodi kwake, mji zilipo seva, na nani ofisini mwenu ana nywila. Ikiwa ni kwenye simu ya karani, basi sema ni kwenye simu ya karani, ili ajue ampigie nani.