Andika tarehe kwenye dumu la mafuta: maswali ya jikoni na majibu yake

Kila mwisho wa mwezi, kikoba chetu kikishamaliza hesabu za hisa na marejesho, mazungumzo huhamia jikoni. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo maswali ya presha, sukari na unene yananiangukia mimi, tena huku sahani ya sambusa ikizunguka. Haya ndiyo yanayojirudia.

Dada, nyie watu wa afya mnatutajia parachichi na mbegu za chia. Sisi nyumbani tunapika chipsi, maandazi na ugali. Tuanzie wapi?

Anzeni na dumu la mafuta. Siku unayolifungua, chukua kalamu uandike tarehe kwenye ubavu wake. Likiisha, hesabu siku. Fanya hivyo hivyo kwa mfuko wa sukari na pakiti ya chumvi. Kama mnanunua mafuta ya kupima, yamiminie kila mara kwenye chupa moja unayoijua ujazo.

Tuseme nyumba ina watu watano. Dumu la lita 5 likiisha kwa siku 30, kila mtu amekula kama mililita 33 za mafuta kwa siku. Hivyo ni zaidi ya vijiko viwili vya chakula, karibu kilokalori 275, na bado hujahesabu alichokula mtu barabarani. Kilo moja ya sukari ikiisha kwa wiki, ni kama gramu 29 kwa kila kichwa kwa siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hadi gramu 25, vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Chumvi wanataka iwe chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Kilo ya chumvi ikikatika kwa mwezi hapo kwenu, mko kwenye gramu 6.7, na mtoto wa miaka minne amehesabiwa sawa na babu yake.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu sisi tunapika kwa mkono. Chupa inainamishwa, mafuta yanamiminika, basi. Hakuna anayejua ametumia kiasi gani mpaka dumu liwe tupu. Mwezi wa pili usibadilishe pishi hata moja. Sogeza tarehe tu: dumu la siku 30 lifike siku 40. Hapo mmeshuka kutoka mililita 33 hadi 25, na mezani bado ni pilau na maharage yale yale.

Mume wangu anasema chakula kisicho na mafuta ni cha wagonjwa.

Ana haki kidogo. Vitamini A iliyo kwenye mchicha, matembele na karoti inahitaji mafuta ili mwili uifyonze, kwa hiyo mboga za majani za kuchemsha tupu si ushindi wowote. Kijiko kimoja au viwili vya mafuta kwenye sufuria ya mboga vinatosha, au karanga za kusaga. Tatizo ni pale mchuzi unapotengeneza ziwa juu. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo, funika, kikianza kushika ongeza kijiko cha maji badala ya mafuta, kisha nyanya zilainike polepole. Mchuzi utakuwa mzito wenyewe.

Na usitangaze. Ukisema "leo nimepika chakula cha afya" umeshaharibu kabla sufuria haijafunuliwa.

Watoto wanataka chipsi. Kila siku chipsi. Nikiwapikia nyumbani si ni zile zile tu?

Si zile zile, ila lazima ujue mafuta yanaingiaje. Chipsi ikiwa ndani ya karai, maji yaliyomo kwenye kiazi yanatoka kama mvuke, ndiyo yale mapovu unayoyaona. Mvuke ukiwa unatoka, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Shida inaanza unapoiopoa: inapoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, na kiazi kinayavuta ndani mafuta yaliyogandia juu. Kwa hiyo sekunde zile za kuopoa ni za thamani. Kung'uta chungio juu ya karai chipsi zikiwa bado za moto sana, kisha zitandaze kwenye waya au karatasi safi ya jikoni. Ukizirundika kwenye bakuli zinaogelea.

Kata vipande vinene kama kidole. Vile vyembamba vina ngozi nyingi ya kunywa mafuta. Viloweke kwenye maji robo saa, vimwage maji, vikaushe kwa kitambaa. Mafuta yawe yamepata moto vizuri: chovya ncha ya mwiko wa mbao, vipovu vikizunguka mara moja, yako tayari. Yakiwa baridi, au ukijaza karai mpaka mafuta yakapoa, chipsi zinalegea na kushiba mafuta. Na zitoe zikiwa za rangi ya dhahabu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, na kadiri chipsi inavyozidi kuwa kahawia ndivyo inavyoongezeka. Kule kuloweka kunaipunguza.

Lakini kwangu mimi karai limekuwa la sikukuu. Siku za kawaida napika zege, yaani chipsi mayai, la kufunika. Viazi vinne vya ukubwa wa ngumi, vimekatwa, navichemsha dakika tano tu, navimwaga maji na kuviacha vikauke. Frampeni inapata vijiko viwili vya mafuta, viazi vinaingia, nafunika, nageuza mara mbili tatu mpaka vishike rangi. Mayai matatu nayapiga pamoja na karoti iliyokwaruzwa, hoho, kitunguu, na kiganja cha mchicha uliokatwa nyuzi nyuzi, namimina juu ya viazi. Mchicha wanauona, wanalalamika, wanakula. Kachumbari pembeni, na ile tomato ya chupa naitoa kwa kijiko mwenyewe, kwa sababu ina sukari na chumvi nyingi kuliko inavyoonjeka.

Mafuta ya kukaangia nirudie mara ngapi?

Sina namba ya kukupa, inategemea umekaanga nini na kwa moto gani. Chuja makombo kila mara, weka kwenye chombo chenye mfuniko gizani. Yakiwa meusi, mazito, yananuka, yanatoa povu lisilotulia au yanafuka moshi mapema, mwaga. Usiyaongezee mafuta mapya ili kuyapa ujana. Na mafuta ya mgando, soma pakiti: ukiona yametengenezwa kwa kugandishwa mafuta ya mimea kwa haidrojeni, yaache dukani. Hayo ndiyo yenye mafuta ambayo WHO mwaka 2018 ilitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula, kwa sababu yanaziba mishipa ya moyo.

Maandazi je? Nimesikia yanaweza kuokwa.

Yanaweza. Mimi niliyaoka, nikayapanga kwenye sinia kwa fahari, kitinda mimba wangu akalichukua moja, akalibonyeza, akauliza, "Mama, huu ni mkate. Andazi liko wapi?" Alikuwa sahihi. Andazi la kuoka ni mkate mtamu wenye iliki, na ukilipa jina lake litapendwa. Ukililazimisha kuwa andazi, litabaki kwenye sinia mpaka jioni, kama la kwangu lilivyobaki.

Kwenye maandazi mimi sipigani na mafuta kwanza, napigana na sukari. Wengi wetu nusu kilo ya unga tunaiwekea kikombe kizima cha sukari, kama gramu 200. Ukitoa maandazi ishirini, kila moja lina gramu 10. Mtoto akila mawili na chai yenye vijiko viwili vya sukari, ameshafika gramu 28 hata kengele ya shule haijalia. Sasa weka robo kikombe tu. Unga uukande kwa tui jepesi, iliki usiionee huruma, na hamira uipe muda wa kuumua. Maandazi yale yale mawili na chai ile ile yanashuka hadi gramu 13. Shusha kwa hatua, lakini: wiki hii robo tatu, wiki mbili mbele nusu. Ulimi unazoea, ila haupendi kushtukizwa.

Chai yenyewe ukiisogeza mbele kama saa moja baada ya chakula, utapata faida nyingine, kwa sababu inapunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga. Kwa mjamzito hilo si jambo dogo.

Mimi oveni sina.

Bibi zetu nao hawakuwa nayo, na mkate wa kumimina uliiva. Sufuria nzito, moto wa chini mdogo, mfuniko wa bati, makaa juu. Ndiko kupalia huko. Mkate wa kumimina ni mchele, tui na sukari kidogo, haukaangwi popote. Vitumbua navyo vinataka tone la mafuta kwa kila kishimo cha chuma, si karai zima. Ila tui zito lina mafuta mengi yenye kupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, kwa hiyo tui la pili lifanye kazi kubwa, la kwanza litiwe mwishoni, tena kidogo.

Chapati za unga wa atta zinakuwa ngumu.

Umekanda kwa maji machache. Changanya nusu atta (ngano isiyokobolewa) nusu ngano nyeupe, maji ya vuguvugu yazidi kidogo, donge lilale nusu saa limefunikwa. Pakaza mafuta kwa kijiko cha chai, usimimine.

Dona au sembe?

Dona, kwa nyuzi lishe na kiini cha mahindi kinachobaki. Lakini nina sharti. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona unachacha upesi: saga kidogo kidogo. Na chambua mahindi kabla ya kwenda mashineni, toa yaliyovunjika, yenye ukungu na yaliyobadilika rangi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kusongwa, na huwezi kuikoboa yote. Ugali wa dona wa mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe safi.

Nimewaachisha soda, nawasagia juisi ya matunda. Nimefanya vizuri?

Soda ya mililita 300 hubeba kama gramu 30 za sukari au zaidi, kwa hiyo kuiacha ni vizuri. Ila juisi nayo WHO inaihesabu kwenye sukari ile ile ya kupunguza, hata kama hukuongeza chembe, maana glasi moja inameza machungwa matatu na nyuzi zake zinabaki kwenye chujio. Chungwa lenyewe mtoto atakula moja atosheke. Ukwaju na rosela ndiyo mitego mikubwa: ni michachu, mkono unakwenda kwenye sukari bila kuhesabu. Tengeneza nyepesi, weka tangawizi na majani ya mnanaa, sukari pima kwa kijiko mbele ya macho yako.

Kwenye mkoba wa shule, bisi za nyumbani zilizopasuliwa kwa kijiko kimoja cha mafuta zinaishinda krispi ya pakiti. Muhogo wa kuchemsha, yai, kipande cha nazi. Karanga nzima na bisi zisubiri mpaka mtoto apite miaka mitano, zinakaba.

Mwanangu, daktari kaniambia presha, nipunguze chumvi. Sasa chakula kina ladha ya maji. Nifanyeje?

Shikamoo mzee wangu. Wiki tatu za kwanza ndizo ngumu, baada ya hapo ulimi unarudi. Mama apike bila chumvi, aonje chakula, kisha aiweke mwishoni, kidogo. Ladha itoke kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, binzari. Vile vidonge vya kuongeza ladha kwenye mchuzi aviache, chumvi mara nyingi ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya vilivyomo. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, ailoweke, amwage maji, aloweke tena. Chumvi hiyo ndogo iwe yenye madini joto. Zile chumvi mbadala zenye potasiamu usiguse bila kumuuliza daktari, hasa kama figo zina shida. Na vidonge vyako vya presha usiviache kwa sababu umeacha chumvi.

Na nyama choma ya Jumapili?

Ipo, mzee wangu. Ndimu na pilipili zije mezani. Kile kisahani cha chumvi ya kuchovya kibaki jikoni.